Diski ya Wanawake

Mama yangu aliacha picha moja tu ambayo mtu yeyote angeweza kuitazama: ile ya kitambulisho. Mle ndani anaonekana kama mtu aliyeitwa polisi bila kuambiwa kosa lake, macho yamekazwa, midomo imebanwa. Na Mwanasiti hakuwa mtu wa kubana midomo, mtaa wetu mzima wa Buyenzi unajua. Lakini mwaka ulipozunguka tangu tumzike, nikaanza kuona jambo la kunitisha. Nikifumba macho nimkumbuke, inakuja ile ya kitambulisho. Sura zake nyingine zinachelewa njiani, na siku hizi kuna ambazo haziji kabisa.

Ndiyo maana asubuhi moja, mvua ikiwa imeacha matope hadi kizingitini, nilimfunga Aya mgongoni nikaenda Nyakabiga, kwenye duka la picha la Mzee Nasor.

Nieleze kwanza duka hilo linavyofanya kazi. Harusi zetu zina pande mbili, wanaume kwao na wanawake kwao. Upande wa wanaume alikuwa anapiga picha Mzee Nasor mwenyewe. Upande wa wanawake, kwenye hina, anaingia Fadhila, binti wa ndugu yake, na mlango unafungwa. Humo ndani wanawake wanavua mabuibui, wanacheza, wanapigwa picha vile walivyo. Picha hizo hazikulala pamoja na za wanaume. Zilikuwa na diski yao peke yao, imeviringishwa kwenye kipande cha kanga, na mtunzaji wake alikuwa Bi Thuwaiba, mke wa Mzee. Ukitaka kuziona unakuja wewe mwanamke, anakufungulia, mnatazama pamoja, unakwenda zako.

Mama aliupenda sana utaratibu huo. Baada ya harusi yangu nilitaka kuchukua nakala zetu, akanikatalia.

"Foto zangu hazitatembea mu simu za watu," alisema. "Zikae kwa Thuwaiba. Siku utazaa musichana, utamupeleka kunitazama kule."

Basi, msichana nimemzaa. Ndiye huyo aliyekuwa ananivuta ushungi mgongoni njia nzima.

Bi Thuwaiba alikuwa nyuma ya meza, mahali pake pa siku zote, anamenya chungwa. Mwanawe Amjad alikuwa kwenye kompyuta. Mzee macho yamemchoka, anabaki nyumbani Ngagara, na duka sasa ni la Amjad, ingawa mama yake bado anakaa pale kama hakimu.

"Assalaam alaykum, Mama Amjad."

"Wa alaykum salaam. Uyu nani anabeba mutoto kama muzigo ya makaa?" Akavaa miwani. "Soumaya? We umenenepa."

"Ni huyu wa mgongoni anaonekana mbele."

"Mulete apa. Kumbe amechukua uso wa Mwanasiti, masikini. Kaa."

Nikamwambia nimekuja kumtazama mama. Alimpakata Aya, akampa kipande cha chungwa, kisha akamwambia mwanawe, "Amjad, toka kwa icho kiti. Dada yako anataka kufungua harusi yake."

Amjad ni kijana mstaarabu sana, wa kutazama chini ukipita. Akaniambia mambo yamebadilika kidogo. Mwaka uliopita ile diski ya zamani ilianza kugonga ndani kama kuku anayedonoa bati, akaogopa itakufa na kila kitu. Kwa hiyo alihamisha picha zote, za wanaume na za wanawake, akaziweka kwenye kompyuta mpya, kila harusi na folda yake.

"Zote ziko apa, dada Soumaya. Na mi sikuangalia hata moja, wallahi. Nilizima vile vifoto vidogo vidogo, nikabakiza majina tu. Nilizihamisha kama mutu anabeba kikapo yenye kufunikwa."

"Ni kweli," mama yake akasema. "Nilikuwa nimekaa apa, na miwani yangu."

Akanifungulia folda ya harusi yangu, akasimama, akageukia ukuta wenye fremu za kuuza. Mimi nikakaa.

Kompyuta nilijifunza kwenye masomo ya jioni, mimba ya Aya ikigusa ukingo wa meza. Siogopi panya wala vibonye. Nikarudisha vile vipicha vidogo, nikangoja mama yangu.

Akaja mjomba wangu, anakula pilau. Nikasogea. Mjomba tena, sahani nyingine. Wazee wenye kanzu. Mume wangu Anouar, jasho linamtiririka kama amemaliza kusukuma lori. Wanaume, wanaume, viatu vya wanaume mlangoni.

"Kaka Amjad, hizi ni za upande wenu."

"Shuka chini. Za wanawake zitakuwa zimefuata."

Nikashuka, nikashuka, hadi wanaume wakaisha, na kweli, mwishoni kabisa zikatokea za wanawake. Lakini ilikuwa ni mwisho wa shughuli. Mikeka imekunjwa. Watoto wamelala kwenye mito, midomo wazi. Bakuli ya hina imekauka. Wanawake wako mlangoni, kila mmoja amekwisha kuvaa buibui lake. Na mmoja kati yao amegeuka, anamfunika mtoto wa mtu kwa shuka. Mgongo ule niliujua kabla sijafikiri. Nikaweka kidole kwenye kioo.

"Amepatikana?" Bi Thuwaiba akauliza.

"Mgongo wake umepatikana."

Nilitazama tena, kuanzia juu hadi chini. Hapakuwa na uso wake hata kwa mbali. Ndipo nikaacha kutazama watu, nikaanza kutazama majina ya faili.

Mzee Nasor alikuwa na desturi yake. Kila harusi ikianza, kamera zote mbili, ya kwake na ya Fadhila, zinarudishwa namba moja. Alisema harusi moja haibebi namba za harusi nyingine, kama bibi arusi asivyovaa gauni la mwenzake. Kwa hiyo picha ya kwanza ya wanaume na picha ya kwanza ya wanawake ziliitwa jina lilelile. Ya pili vilevile, na ya tatu, mpaka mwisho. Zilipokuwa kwenye diski mbalimbali hapakuwa na tatizo lolote. Na sasa niliona kwamba hizi chache za wanawake zilianza palepale namba za wanaume zilipokoma.

"Kaka Amjad, siku ile ulivyokuwa unazihamisha, kompyuta haikukuuliza kitu?"

"Iliuliza. Ilisema faili zenye ayo majina ziko tayari. Za wanaume nilikuwa nimezitanguliza mu folda ileile, nikaona, bon, Fadhila alishazichanganya nazo zamani, ni kopi zilezile. Nikaiambia iruke."

"Iruke zipi?"

"Zote zenye jina moja." Mkono wake ukapanda hadi kwenye kofia, ukabaki pale. Aliirudia ile kauli polepole, akiwa anauambia ukuta. "Zote zenye jina moja."

Hapakuwa na haja ya kumweleza. Kompyuta ilichukua picha ya kwanza ya wanawake, ikakuta pale jina lake limeshakaliwa na mjomba wangu na pilau yake, ikaiacha nje. Ikafanya hivyo kwa kila picha. Zilizoingia ni zile tu ambazo namba zake wanaume hawakuzifikia, kwa sababu wanawake walichelewa kuondoka. Angetazama kipicha kimoja tu angejua. Lakini alilelewa na Bi Thuwaiba, hakutazama.

"Ni harusi yangu tu?" nikauliza.

"Apana. Ni harusi zote."

"Na ile diski yenyewe ya zamani?"

Amjad aligeuza uso kidogo upande wa mama yake. "Nilimwambia Mama aivunje. Nyuso za wanawake ziko ndani, haikuweza kukaa ovyo."

Bi Thuwaiba alikuwa anamrekebisha Aya soksi ambayo haikuwa na shida yoyote. "Iyo ilishaondoka," akasema. "Uyu mutoto amekula asubuhi?"

Tulimpigia Fadhila, ambaye ameolewa Kigoma. Sauti yake ikajaa duka. Alisema kadi za kamera walikuwa wanazifuta na kuzitumia kwa harusi inayofuata, hakuwa na kitu, na angejua angeficha hata moja. "Mama yako alinimalizia kadi, Soumaya," akasema. "Kila nikigeuka, yeye katikati. Nilikuwa nampiga huku nacheka." Nikamshukuru, nikazima simu. Ni afadhali asingesema hivyo.

Adhana ya adhuhuri ilipolia, Amjad aliniomba msamaha. Hakupamba maneno. Alisema, "Nimekupotezea mama yako, dada," akatoka kwenda msikitini. Nikachukua kitambaa nimfunge Aya.

"Keti kwanza," Bi Thuwaiba akasema.

"Nimechelewa, Mama Amjad. Anouar hajui hata nilipo."

"Keti nikuulize. Ukikata kucha, unazipeleka wapi?"

Nilidhani ni umri. "Ninazizika, kama Mama alivyonifundisha."

"Na nywele za kichana?"

"Na zenyewe."

"Bon." Akatazama mlango, akasogeza kiti. "Sasa diski iko na nyuso za wanawake wa muji muzima, hawana hata ushungi, na wengine walishakufa. Mi niitupe mu pubeli, watu wa takataka waiokote?"

Nikaweka kitambaa chini, nikaketi.

"Amjad alinipa nyundo," akaendelea. "Niliinyanyua ile nyundo, nikaona kama nataka kupiga mutu kwa uso. Mukono ukakataa. Nikaizika."

"Wapi?"

"Kwetu, chini ya mulimau. Na usimwambie Amjad nilisoma bismillah. Atanicheka mpaka Idi."

Nilimkumbatia yeye na Aya na chungwa kwa pamoja, na kanga yangu ikalowa.

Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, gari la Amjad lilikuwa kwenye foleni yake, na basi za Ngagara zilikuwa hukohuko. Tukafunga duka, tukaenda kwa miguu. Bi Thuwaiba ni mtu mzito, na hapendi kuonekana anachoka, kwa hiyo kila alipoishiwa pumzi alitafuta mtu wa kusalimia. Kwenye daraja la Ntahangwa alimsalimia mwuza parachichi kama ndugu wa damu, akamuuliza habari za wote, hadi yule mama akaniuliza kwa macho kama wanafahamiana. Chini yetu maji yalikuwa mekundu, yamejaa, yanabeba matawi. Nilikuwa nayatazama nawaza habari ya udongo, mvua na vitu vya chuma.

Mzee Nasor alikuwa amelala. Tukazunguka hadi uani. Bi Thuwaiba alikuwa amepanda mboga za lengalenga, yaani mchicha, juu ya pale mahali ili mbwa wa jirani wasichimbe, na lengalenga zikaota vizuri kiasi kwamba hakujua tena mwanzo wala mwisho. Alichimba upande mmoja, akatoa mawe. Nikamnyang'anya jembe, nikachimba upande wa pili, Aya mgongoni anacheka kila ninapoinama. Udongo ulikuwa umelewa maji. Jembe likagonga bati.

Ulikuwa ni mkebe wa maziwa ya unga, kutu imeanza kuula ukingoni. Kifuniko kilizungushiwa utepe wa kunata mara nyingi sana.

"Fungua wewe," nikasema.

"Fungua mwenyewe. Mi naogopa."

Ndani palikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko, mfuko mwingine, kisha mwingine. Kisha ile kanga, bado inanukia udi. Nikaipapasa kabla sijaifungua. Ilikuwa kavu.

"Niliifunga kama mutu anayesafiri," Bi Thuwaiba akasema, na ndipo akakaa chini kwenye matope yale, na gauni lake zuri, apumzike.

Tulimkuta Amjad amesimama mbele ya duka lililofungwa. Alimwona mama yake ana tope hadi magotini, akaona na ule mkebe.

"Mama, iyo ni nini?"

"Fungua mulango, alafu geukia ukuta wako."

Hakuuliza tena. Alinitolea waya, akanionyesha pa kuuchomeka, akaenda kuketi kwenye kistuli na kutupa mgongo. Nikachomeka. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha diski ikaanza: ko, ko, ko.

"Inagonga," nikasema.

"Nasikia. Imeonekana kwa kioo?"

"Bado."

"Ungoje."

Tukangoja. Aya alitaka panya, Bi Thuwaiba akampa tende. Ghafla kidirisha kikafunguka, na majina ya maharusi yakajipanga kutoka juu hadi chini.

"Imeonekana."

"Alhamdulillahi," wakasema wote wawili, mmoja ananitazama na mwingine anatazama fremu.

"Sasa fungua ile programu ya kulinganisha," Amjad akasema. "Kushoto weka folda za kompyuta, kulia weka diski. Iambie isiangalie majina, iangalie ndani ya faili. Itatuonyesha zipi ni pacha kweli, na zipi zinashiriki jina tu."

Hiyo niliijua. Mwalimu wetu wa jioni, Raïssa, alituonyesha: kompyuta inaisoma faili yote, mwanzo hadi mwisho, inaitolea alama yake kama alama ya kidole. Majina yanaweza kufanana, alama hazifanani. Mkono wangu ulikuwa unaelekea huko. Lakini masikio yalikuwa kwenye ile ko, ko, ko.

"Kaka Amjad, ili ilinganishe, si lazima isome kila kitu?"

"Lazima."

"Halafu wakati wa kukopi isome tena upya?"

Akafikiri. "Ndiyo."

"Basi naona tukopi kwanza. Kulinganisha tutafanya na kopi, hata mwezi mzima. Hii haina pumzi ya kusoma mara mbili."

"Unasema kweli. Tukopi kwanza." Akakohoa. "Ila, tafadhali, usiziweke mu folda ileile. Tengeneza mupya."

"Hiyo nimeshajifunza leo."

Bi Thuwaiba alicheka peke yake, tumbo likamtikisa Aya.

Nikatengeneza folda mpya, nikaiita Wanawake. Kisha nikabaki natazama yale majina ya maharusi. Nilijua mengi. Kulikuwa na waliofiwa na mama zao kama mimi. Kulikuwa na bibi arusi aliyekufa mwenyewe.

"Tuanze na nani?" nikauliza. "Ikizimika katikati?"

"Anza na mama yako," Bi Thuwaiba akasema. "Wale wengine wanangoja, ila hawajui kama wanangoja. We unajua."

Sitajifanya kwamba nilibishana. Nikashika folda yangu, nikaivuta.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Namba zikapita moja moja, kwa heshima, kama watu wanaoingia matangani. Nikawa nazisoma kwa midomo. Halafu, njiani, katikati hasa, palepale ambapo nilihisi hina imekolea na ngoma imepamba moto, mstari ukasimama. Na ile ko, ko, ko nayo ikakoma, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kugonga.

"Imenyamaza," nikasema.

"Usichomoe."

"Sijagusa."

"Weka mukono juu yake, taratibu. Inatetemeka?"

Nikaweka. Ilikuwa ya moto kama paji la mtoto mwenye homa, na chini ya kiganja kulikuwa na mtetemeko mdogo. "Inatetemeka."

"Basi bado. Tuiache ipumue. Pepea kidogo."

Bi Thuwaiba akachukua karatasi, akaanza kuipepea diski kama anayempepea mgonjwa. Ndipo akaingia bwana mmoja mwenye koti, anataka picha za pasipoti.

"Leo tumefunga," Bi Thuwaiba akamwambia, bila kuacha kupepea.

"Lakini mulango uko wazi, Mama."

"Umefungwa kwa wanaume."

Yule bwana akamwangalia Amjad kwenye kistuli chake. "Na uyu?"

"Uyu anaangalia ukuta."

Amjad aliinua mkono kumsalimu bila kugeuka. Bwana akatoka taratibu, akiangalia nyuma.

Kompyuta ikaandika. Ilisema kuna faili haisomeki, ikaniuliza swali nililokwisha kulichukia siku ile: ijaribu tena, au iruke.

"Jaribu tena," Amjad akasema.

Nikajaribu. Ikagonga, ikakwama, ikauliza.

"Jaribu."

Ikauliza tena. Tulijaribu hadi Bi Thuwaiba akaacha kupepea. Nilielewa kwamba nikiendelea kuing'ang'ania hiyo moja nitazikosa zote zilizo nyuma yake. Kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama, kinachosema fanya hivyo kwa zote. Nikahakikisha hakina alama. Nikahakikisha tena.

"Ninairuka hii," nikasema. "Hii moja tu."

"Moja tu," Amjad akarudia.

Nikabonyeza. Diski ikavuta pumzi, ikagonga, mstari ukasogea. Mbele ikakwama tena, nikairuka nyingine, na nyingine tena. Kila mara nilipoteza moja, kila mara zikaja nyingi. Jua la alasiri lilikuwa limefika kwenye kizingiti cha duka mstari ulipogusa mwisho.

Kwanza nikafanya lile la kulinganisha, sasa kati ya kopi na ile folda ya mwanzo, kwa sababu sikutaka kufurahi bure. Programu ikasoma ndani ya kila moja, ikatoa jibu lake: majina yanafanana, lakini pacha ni zile chache za mwisho tu, za wanawake mlangoni.

Ndipo nikarudisha vipicha vidogo. Vikajaa kimoja kimoja, kama madirisha ya mtaa yanapofunguliwa asubuhi.

Mwanzoni sikumwona. Nilikuwa natafuta mwanamke wa kitambulisho, naye hakuwapo. Palikuwa na mama mfupi, mnene wa mabega, gauni la manjano, hereni za kuazima, mdomo wazi hadi unahesabu magego. Alikuwa katika kila picha. Hapa anampaka mtu hina kwenye pua. Hapa anaimba na kijiko. Hapa ni nusu tu, chini yote imekuwa kijivu kwa kuharibika, lakini mdomo upo, uko wazi. Nilikuwa nimesahau alikuwa mfupi. Nilikuwa nimesahau kidoti cha chini ya jicho.

"Huyo," nikasema.

Bi Thuwaiba akaja na Aya kwapani, akainama juu ya bega langu. Nikafungua moja ikajaa kioo kizima. Mama amemshika Bi Thuwaiba kiunoni, mashavu yao yamegusana, wanawake wamewazunguka wanapiga makofi.

"Mlikuwa mnacheza vizuri," nikamwambia.

"Kucheza wapi?" Akavuta miwani juu. "Ebu angalia miguu yake. Viatu alivaa vya dada yake, vimemkaza tangu magharibi. Alikuja akanambia mu sikio, 'Thuwaiba, nishike, wakwe wasione nachechemea.' Tukazunguka vile, nikamufikisha kwa kiti. Wakapiga makofi. Wakasema wale wamama wawili, wanajua."

Nikaangalia. Mguu wa kulia haukugusa chini. Wote wanampigia makofi, na yeye anatafuta kiti. Kicheko kilinitoka na machozi yakiwa hayajaisha, Bi Thuwaiba akanifuata, tukashikana.

"Munacheka nini?" Amjad akauliza.

"Angalia ukuta wako," mama yake akamjibu.

Nilimchukua Aya nikamsimamisha mapajani, mbele ya kioo. "Huyu ni bibi yako. Ndiye Mwanasiti." Aya akamtazama kwa makini, akaweka kiganja chenye tende pale kwenye gauni la manjano. Kisha akafungua mdomo wake mpana, kama wa pichani, akabaki hivyo, akinigeukia mimi nione kwamba na yeye anaweza.

Diski bado ilikuwa inagonga. Nilifuta kioo kwa ncha ya ushungi, nikarudi kwenye yale majina.

"Ina nguvu kidogo," nikasema. "Inayofuata ni harusi ya Assia, naye alishamzika mama yake. Nimpigie aje?"

"Kopi kwanza," Bi Thuwaiba akasema, akavuta kiti chake karibu na changu, akaokota ile karatasi ya kupepea. "Tutamuita akiwa na kitu ya kuja kuona."